Maharage Inayopanda Kushoto

Mimi niko na kichwa nguvu, Maman alisemaga hivyo tangu zamani, na hakukosea. Alinituma huku Bukavu, kwa Tante Georgette wa Nguba, nisome kazi ya infirmière, nitunze wagonjwa. Mimi nikaenda kujiandikisha kwa masomo ya vitambaa: kuchora majani na maua, na kuyapiga juu ya kikwembe. Siku Maman alipojua, alinipigia simu.

"Lydie, nililima maharage mpaka mugongo ikapinda, juu weye ucheze na rangi?"

Akakata. Miaka mbili sasa. Nikipiga, simu inalia weee, hapokei.

Mwaka huu kazi yetu ya mwisho ilikuwa kuchora mumea wa kwenu. Rafiki yangu Bijou akachora waridi. Waridi ya kwenu wapi, Bijou? Mimi nilichora maharage ya Maman kule Luhwindja, inavyojizungusha juu ya muti, na maua yake meupe. Yote ilikuwa kichwani. Nilichonga soli ya kambambili, zile ndara za mpira, nikaibandika kwa kibao ikawa muhuri, nikapaka kijani, nikagonga. Yadi sita, siku tatu. Ilipokauka nikajifunga ile kikwembe ndani ya chumba, nikalia. Nilimutamani Maman. Hata kugombeza kwake nilikutamani.

Prof Isidore alinipa dix-sept juu ya vingt, kumi na saba juu ya makumi mbili.

"Uza, mutoto," Tante akasema.

"Aka! Hii iko na mwenyewe."

Nikaikunja, nikamupa Ezéchiel, dereva anayepandaga Luhwindja kila wiki. Barua sikuandika. Ningeandika nini?

Ezéchiel alirudi na maneno machache: "Aliitandika juu ya nyasi, akaiangalia sana. Hakusema kitu."

Basi, imekwisha, nikasema. Nilikasirikia hata kibao.

Jumapili, nimetoka misa, simu ikalia. Maman!

"Lydie, nani alikufundisha maharage inapandaga hivi?" Salamu hakuna.

"Hivi namna gani, Maman?"

"Inazunguka muti kwa kushoto! Maharage ya wapi inazungukaga kushoto? Leo nimeivaa kanisani, wamama wote wamenicheka!"

Ee Mungu wangu. Muhuri unageuza: ukichonga kuume, kitambaa inatoa kushoto. Ndilo somo letu la kwanza kabisa, lakini mimi nilichonga vile macho yalivyokumbuka. Prof hakuona, yeye hajawahi kulima.

Halafu nikasikia vizuri kile alichosema.

"Maman... umeivaa kanisani?"

Nilisikia kuku zetu nyuma yake, nikabana mudomo nisilie.

"Maharage imeanza kupanda miti," akasema pole pole. "Kuya uiangalie muzuri. Halafu unichongee ingine."