Vyuma vya Kabura

"Shika maji, bana! Ukikufa hapa barabarani, mimi nitaambia bibi yako nini?"

Joginder Singh, mwenye duka la vyuma mjini Kitale, alikuwa ametoa kichwa chenye kilemba nje ya dirisha la pikapu. Gichuki hakupokea maji. Alikuwa anasikiliza. Mgongoni amefungiwa viatu viwili vya mtoto kwa kamba, kimoja kikiwa na vyuma vya kushikilia mguu hadi gotini, na kila alipokanyaga lami viligongana: kling, kling. Akapeleka mkono nyuma, akavibana visitikisike.

Mlio ukaendelea.

"Unasikia?" akauliza.

"Nasikia nini? Wewe ndio wa mwisho! Wengine wamefika Kamukuywa zamani."

Ilikuwa Agosti, mwaka wa 1988, marathoni ya harambee kuchangia shule ya watoto walemavu karibu na Kimilili, upande wa Bungoma. Wakimbiaji wa kweli, akina Kibiwott, walishapotea mbele. Gichuki alikuwa fundi viatu tu, tumbo limeanza kumtangulia, na watu wa soko walimcheka waziwazi: ati fundi anamaliza soli zake ajipe kazi! Wacheke. Hawakujua anakimbia nini.

Viatu vile alimshonea Kabura, binti yake, ambaye polio ilimdhoofisha mguu wa kulia. Joginder alichomelea vyuma. Ngozi, uzi na soli ya tairi ilikuwa kazi ya Gichuki. Na kwa kuwa ngozi ni ghali na mtoto hukua, alivikata vikubwa, akajaza gazeti vidoleni, kama mzazi yeyote. "Utavifikia," alimwambia. Kabura akazunguka ua mzima akicheka, ati yeye sasa ni ng'ombe wa kengele. Haikupita wiki, kile cha mguu mzima kikamchomoka katikati ya barabara, mbele ya kinu cha posho. Alikuwa ameshavuka. Akarudi kukichukua, na lori la mahindi likaja.

Hakuna aliyemlaumu Gichuki, hata Wacuka, mkewe. Afadhali wangemlaumu! Tangu siku ile mlio ulimfuata kibandani, kanisani, kitandani. Viatu vilikaa kwenye rafu, akivipaka rangi kila Jumamosi. Leo asubuhi Wacuka mwenyewe ndiye aliyemfungia mgongoni.

"Baba Kabura, kuna mtoto atavivaa. Usirudi navyo."

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomtisha.

Alifika shuleni watu wameshakula. Mwalimu mkuu, mama mcheshi wa Sirisia, akamleta Nekoye, msichana mdogo mwenye mguu wa kulia dhaifu, aliyetembelea fimbo. Gichuki akapiga magoti, akafungua kamba. Mikono ikakataa kuachia.

"Lete basi, mzee," mwalimu akasema kwa upole, akavichukua, akamvisha mtoto. Visigino vikacheza ndani. "Ni vikubwa, lakini si atakua? Hebu nileteeni gazeti tujaze hapa mbele."

"Hapana!"

Watu wote wakageuka.

"Hakuna gazeti. Joginder, mfuko wangu."

Joginder akautoa kwenye pikapu, mfuko wa visu na sindano; yeye alijua habari ya gazeti. Gichuki akakaa kwenye nyasi, akafumua mishono yake mwenyewe. Ndani ya ngozi aliona alama nyeusi ya kidole gumba cha Kabura. Kisu kikasimama. Mungu wangu, hata hii? Kisha akakata. Akavuta ngozi, akashona, makamasi yakimtoka mbele za watu, na hakuacha kushona.

"Vuta," alimwambia Nekoye alipomaliza. "Vuta kwa nguvu."

Mtoto akavuta kimoja, akavuta kingine. "Havitoki, guka," akasema, neno la babu alilolisikia kwa majirani zao Wakikuyu.

Akaondoka kwenda kuwaonyesha wenzake, kling, kling, juu ya saruji ya veranda, hadi jikoni, hadi nyuma ya jikoni.

"Twende, bana," Joginder akasema. "Bibi anangoja."

Gichuki akatoka langoni. Akatembea kidogo, akasimama. Akatembea tena, akasimama, akageuza shingo. Nyuma yake kulikuwa na barabara tu na vumbi linatulia, bila mlio.

"Kabura?" akaita, kwa sauti ya chini.