Ukili wa Hippolyte

Jumanne, saa tatu asubuhi, wanawake tisa walikaa chini uani kwa mama Aziza, pale Salamabila, wakaanza kushona mkeka wa waliofukiwa. Shimo la dhahabu lilikuwa limeporomoka wiki mbili nyuma na kuwafunika wachimbaji tisa. Kila familia ilisuka ukili mmoja, utepe wa majani ya miyaa, wa urefu wa mtu wake. Mama Aziza, aliyefundishwa kazi hiyo na bibi yake kule Kasongo, alikuwa anaziunganisha kili hizo ziwe mkeka mmoja, utandikwe mbele ya shimo Jumapili, padri na shehe wakiwepo.

Kili nane zilitulia. Wa tisa, wa mchimbaji Hippolyte, Jumatano ulikutwa umezidi vidole vinne. Mama Aziza akadhani amepima vibaya, akaukata. Alhamisi ulikuwa umejisuka tena, umemaliza miyaa yote iliyokuwa kando yake.

"Ni wewe ulisuka?" akamwuliza Apolline, mke wa Hippolyte.

"Hapana, mama. Mimi sijui kukaza hivi. Huu ni mukono wa bwana yangu."

Ni kweli, Hippolyte ndiye aliyesuka mikeka ya nyumbani kwao, na wenzake walimcheka mno kwa kufanya kazi ya wanawake. Mama Aziza akaugusa ukili, ulikuwa na joto.

"Basi mutu wako iko muzima," akasema, akaendelea kushona. Wenzake wakainama kwenye sindano zao. Mtu amefukiwa hai na mikono anayo, mlitaka afanye nini?

Apolline hakukalika. Akapanda pikipiki mpaka kwa Grégoire, mwenye shimo, ukili mapajani.

"Patroni, Hippolyte angali muzima. Munifungulie shimo. Leo!"

Grégoire aliutazama ukili ukisogea. Hakubisha.

"Naona, mama Apolline. Lakini mashine iko ku shimo ingine, na karatasi ya vifo ilishasainiwa. Tumeandika watu tisa. Nikifungua nitasema nini?"

"Utasema nane!"

"Pole, mama," akasema, na uso wake ulikuwa wa huzuni kabisa, mshenzi yule. Walinzi wenye bunduki wakamsindikiza Apolline barabarani.

Jumapili mkeka ulitandikwa. Ncha ya ukili wa Hippolyte ilikunjwa chini, ikatoka yenyewe wakati wa hotuba, ikafika kwenye kiatu cha Grégoire. Akasogea kidogo, akaendelea kuhutubia. Watu wakapiga makofi, na Apolline akalia kwa sauti mpaka walipomaliza.

Sasa ukili unaongezeka kidole kimoja tu kwa siku. Apolline halali, anaogopa miyaa itaisha na mikono ya mumewe ikose cha kushika. Kwa hiyo kila asubuhi majirani wanamletea mafungu makubwa, Waislamu kwa Wakristo, na juzi Grégoire naye alituma pikipiki mbili zimejaa. Jembe hajaleta mtu.