Tanzia za Saa Sita Mchana

Redio Bukovka ilianzia juu ya bucha, mwaka ule wa vikwazo ambao mji mzima haukuwa na petroli wala sukari. Vitomir aliacha ualimu, akauza gari lake. Zvezdan, fundi wa kiwanda cha nyaya kilichokuwa kimeshafungwa, akamuundia mtambo wa kurushia matangazo kwa vipuri vya kuokoteza. Wiki ya kwanza walisikika mpaka darajani tu. Baadaye Zvezdan alisimamisha mlingoti kilimani na bonde lote likawasikia, hadi vijiji vya juu ambako theluji hufunga barabara nusu ya mwaka.

Waliishi kwa salamu. Mtu akiozesha binti, akipata mjukuu, akimsindikiza mwanawe jeshini, alipanda ngazi za bucha akalipia wimbo na majina ya kutajwa. Jumapili salamu zilikuwa ndefu kuliko nyimbo zenyewe, maana kila shangazi alitaka kutajwa, na shangazi aliyerukwa hununa mwaka mzima. Lakini ikitimia saa sita mchana muziki ulikatwa, na Vitomir mwenyewe akasoma tanzia: nani amefariki, wa nyumba ipi, anazikwa wapi na lini. Kazi hiyo hakumwachia mtu. Wanawake waliacha kukoroga sufuria wasikilize. Huko juu hakuna aliyeitwa marehemu kabla Vitomir hajamsoma, na hakuna aliyevaa nguo nyeusi kwa habari za njiani.

Zvezdan hakuwahi kusema neno hewani. Alikuwa na kigugumizi, tena mwenye hasira za karibu.

Miaka ikapita, vijana wakahamia Ujerumani, maduka yaliyokuwa yakileta matangazo yakafungwa moja baada ya jingine. Mapafu ya Vitomir nayo yakachoka. Kampuni moja ya mji mkuu, yenye redio kila pembe ya nchi, ikayanunua yale masafa pamoja na mlingoti, ikamwacha Zvezdan awe mlinzi wa kibanda cha mitambo. Vitomir alitia sahihi akiwa kitandani hospitalini.

"Sikiliza, we fundi," alimwambia Zvezdan jioni ile. "Nimewasoma wafu wa bonde zima. Na mimi nataka nisomwe. Sina mke, sina mtoto. Usiache nizikwe kama mbwa wa jirani."

"Atakusoma nani? Huko kwa wenyewe sasa ni kompyuta tupu."

"Wewe."

"M-mimi? Nikianza leo, nitamaliza keshokutwa!"

"Siku hiyo mimi sitakuwa na haraka," alisema Vitomir, wakacheka mpaka muuguzi akaja kuwakaripia. Kabla ya kuondoka Zvezdan alimpa mkono, akaahidi.

Jumatatu yake wale wa mji mkuu walianza. Saa sita mchana, badala ya tanzia, likatoka tangazo la magodoro, kisha msichana mmoja akachekacheka na kuuliza nani amependwa leo. Zvezdan alikuwa kwenye mkahawa wa sokoni. Damu ilimchemka. Akapanda juu ya kiti, mtu mzima wa miaka sitini.

"Zimeni!" alipiga kelele. "Zimeni, na atakayewasha si mtu wa hapa! Waache wa-waimbie kuta!"

Watu walimpigia makofi. Hakuishia hapo. Wiki nzima alizunguka vijiji vya juu na kigari chake kibovu, akigonga mlango baada ya mlango. "Zimeni redio kwa ajili ya Vitomir," alisema, na kwa jina hilo hakuna aliyembishia. Mzee mmoja aliitupa redio yake kisimani mbele ya macho yake, na Zvezdan akamkumbatia.

Vitomir alifariki wiki chache baadaye, alfajiri, katikati ya theluji kubwa. Nguzo za simu za vijiji vya juu zilikuwa zimelala chini, simu za mkononi huko hazikushika, na magari hayakupanda. Zvezdan alibandika karatasi za tanzia mjini, lakini mjini hawakubaki hata watu wa kuzisoma, na theluji ikazifunika. Waliompenda Vitomir walikuwa huko juu, na huko juu ilifika sauti tu.

Basi siku hiyo alipanda kilimani kwa miguu, akafungua kibanda, akachomoa waya wa mji mkuu na kuchomeka maikrofoni ya zamani. Saa sita mchana msichana wa kuchekacheka alikatika katikati ya neno.

"Hii ni Redio B-Bukovka," alisema Zvezdan. Jasho lilimtoka kwenye baridi ile. Alisoma jina, akakwama, akalirudia. Alisema mazishi ni kesho saa nane, makaburi ya juu ya mto. Akasoma tena tangu mwanzo ili asimwache mtu nje. Alipochomeka waya mahali pake alikuwa analia, na alijisikia mwepesi kama hajawahi. Simu ya kumfukuza kazi ilimlilia mfukoni hata hajafika chini ya kilima, na hakujali. Alikwenda moja kwa moja kwa mpishi wa mkahawa, akaagiza ngano ya marehemu, ile ya kuchemshwa na kuliwa mazishini, ya kushibisha bonde zima, na pombe ya plamu madumu mawili.

Walikuja watu watano, pamoja na padri na mchimba kaburi.

"Zvezdan, giza linaingia," alisema padri.

"Wanakuja, baba. Ni theluji tu inawachelewesha."

"Mchana trekta ya manispaa imeshafungua njia, mwanangu."

Wakamzika. Ngano ilibaki kwenye sufuria, na Zvezdan akaketi peke yake akiwalaani watu wa vijijini, kaya moja moja kwa majina. Watu wasio na fadhila! Wamekula harusi zao na kulia misiba yao kwa sauti ya mtu huyu, halafu wameshindwa kushuka mlima mmoja.

Siku ya soko alisimama kwenye foleni ya mkate na nyuma yake akaja mama Jagoda, kikongwe wa kijiji cha juu kabisa. Zvezdan aligeuza uso. Mama Jagoda akamvuta mkono wa koti.

"Mbona unanikwepa, mwanangu? Sisi hatujawaangusha. Kijiji kizima kimya, kama ulivyotuambia. Juzi mkwe wangu alitaka kuwasha redio saa sita, ati apate habari za barabara. Nilimchapa mkono! Nikamwambia, nyumba hii redio haiwashwi mpaka Vitomir arudi." Akasogea karibu, uso umemng'aa. "Mwambie huko hospitalini. Mwambie hakuna hata mmoja aliyemsaliti."

Zvezdan akamshika mkono, akamtoa kwenye foleni, akamketisha kwenye benchi la nje ili amwambie.