Herufi ya Tano

"Mama Nancy, nakupa hadi saa nne," alisema Mahmudu. "Malori yangu yakishateremka Masasi, sirudi tena msimu huu."

Serikali ilikuwa imeruhusu wanunuzi binafsi wa korosho, naye Mahmudu alikuwa mmoja wao. Alikuja Newala kutafuta magunia, akaliona gari katika kibanda cha jirani yangu Severina, huyo Mama Nancy. Lilikuwa Mustang jekundu, gari la Kimarekani. Mhandisi mmoja wa Kimarekani alimwachia marehemu mumewe, Anselmo, aliyekuwa dereva wa misheni. Hadi anakufa, Anselmo alishikilia kwamba gari lile ni miongoni mwa yale ya kwanza kabisa kuundwa. Watu walimcheka.

Severina alitaka jambo moja tu kutokana na gari hilo: kisima cha saruji cha kukinga maji ya mvua, ili asiteremke tena bondeni na ndoo kichwani. Kwa kuwa mimi ni mwalimu, aliniomba nisimamie mauzo.

"Mteja wangu anataka yale ya mwanzo," Mahmudu alieleza. "Yalionyeshwa New York, Aprili 1964. Vyuma vingi vya chini waundaji walivitoa kwenye gari lao dogo la kawaida, wakalivika boneti ndefu na mkia mfupi. Siku ya kwanza, Mwalimu, watu elfu ishirini na mbili waliagiza! Mwaka haujatimia vizuri, yameuzwa laki nne. Sasa, herufi iliyo nafasi ya tano katika namba ya gari, inayotaja injini, iwe F, D au U. Ikiwa nyingine, hilo ni la baadaye. Naenda zangu."

Fundi Optatus, niliyekuja naye, akafunua boneti. Kando ya injini, mahali pa namba, palikuwa na ganda jeusi, gumu.

"Nani kafanya hivi?" aliuliza Optatus.

"Mimi," alijibu Severina polepole. "Ni mafuta ya maganda ya korosho. Nguzo za nyumba nilizipaka, mchwa hawajazigusa. Nikaona na gari la marehemu nilipake."

Mahmudu akacheka. "Mama, gari la chuma! Mchwa wa Newala wana meno gani?"

Optatus alikwisha kushika tindo. "Dakika mbili tu, Mwalimu."

"Weka chini," nilimwambia. "Ukiikwaruza namba, hakuna atakayeiamini."

Nililoweka kitambaa katika mafuta ya taa, nikakibandika pale, nikasubiri. Nje, lori la kwanza lilipiga honi. Nikasugua kwa kijiti cha mwanzi, nikabandika tena. Mafuta ya maganda yaliniwasha viganja. Ikatokea 5. Kisha F, sifuri, saba.

Lori likapiga honi mara ya pili. Mahmudu akatazama saa yake.

Sehemu ya chini ya herufi ya tano ikajitokeza: mkunjo.

"C hiyo," alinong'ona Optatus. "Imekwisha."

Nilibandika kitambaa kwa mara ya mwisho, nikahesabu kimoyomoyo hadi mia moja, nikasugua kuelekea juu. Mstari mmoja ukasimama kushoto. Wa pili ukasimama kulia.

"U," nilisema.

Mahmudu aliinama, akaipitishia kidole mara mbili. "Injini ndogo, lakini ni ya mwanzo. Mzee alisema kweli."

"Basi utarudisha lori moja kutoka Masasi msimu huu huu," alisema Severina, "linipakilie saruji ya kisima."

Walipolisukuma gari nje, aliingia kibandani peke yake, akaanza kupima sakafu tupu kwa hatua, upana wa kisima chake.