Nakuragiza

Mdogo wangu Zaituni ana ugonjwa mmoja: akiwa na shida, anaongea chini chini. Tangu utoto. Njaa ikimbana anaimba, ukimuuliza, "Mi niko vizuri." Haya, hiyo "niko vizuri" ndiyo iliyotufikisha hapa, na mi nitasema yote. Atakayekasirika akasirike.

Marehemu mume wake, Hamadi, alitunza farasi za wazungu Bujumbura maisha yake yote. Mzungu wa mwisho alipoondoka alimwachia mmoja, Ekleri, farasi wa mashindano ya kuruka vizuizi. Hamadi akamleta hapa Gitega, akamfunga kwenye ua wa nyuma, katikati ya kamba za nguo. Mtaa mzima ulicheka. Kisha akamfundisha binti yao Layla kupanda, na siku moja tukamwona yule mtoto anaruka na farasi juu ya rundo la matofali ya jirani kama anaruka mfereji. Hakuna aliyecheka tena.

Hamadi akatutoka. Akabaki Zaituni, mtoto, na lile tumbo la farasi. Farasi anakula, jamani! Mbuzi utampa maganda ya ndizi akushukuru. Yule anataka majani, anataka pumba, anataka maji ndoo kwa ndoo. Zaituni akauza cherehani yake, ambayo ndiyo iliyokuwa inawalisha. Nikamwambia, "Uza farasi, mjinga we!" Akanijibu, "Dada, mwezi wa kumi iko mashindano Bujumbura. Layla akishinda, wale watu wa farasi watamchukua, watamsomesha, watampa kazi. Lakini lazima aende na farasi wake. Mi nikiuza farasi, nimeuza mtoto." Alikuwa na haki.

Kikaja kiangazi, majani yakaisha kila mahali, na mjini hapa mnyama haruhusiwi kutoka nje kujitafutia. Mbavu za Ekleri zikaanza kuonekana. Ndipo Zaituni akamkumbuka Nazario, rafiki wa Hamadi, mkulima wa Muyinga mwenye shamba bondeni. Mafuta ya gari hakuna, kwa hiyo wakaenda kwa miguu, kupitia Karuzi, mama mbele, farasi katikati, mtoto nyuma. Layla aliambiwa Ekleri anapelekwa kuzoea milima. Zaituni hakutaka mtoto ajue kwamba ameshindwa kumlisha. Aibu ya kijinga hiyo!

Kwetu iko neno: kuragiza. Ni Kirundi, lakini hata sisi Waswahili wa hapa tunalo mdomoni kila siku. Ukikosa majani, unamragiza ng'ombe wako kwa mtu: yeye anachukua maziwa na mbolea, we unabaki mwenye mnyama. Hata akae kwake miaka, ni wako. Mtoto mdogo analijua hilo.

Nazario hakukulia hapa. Alikulia Tanzania, ukimbizini, akarudi mtu mzima na Kiswahili chake kilichonyooka. Zaituni akamvuta nyuma ya nyumba, machozi yanamtoka, akanong'ona: "Nazario, nakuragiza huyu farasi. Mi nimeshindwa. Mtoto asijue."

Yule mtu akasikia "nakuagiza".

Sasa fikiri mwenyewe. Mjane analia, ananong'ona, anakuagiza kazi ya farasi, na mtoto asijue. Na pale Muyinga mpaka uko karibu, wanyama wanavuka kila wiki kwenda mnadani. We ungeelewa nini? "Nimekuelewa, shemeji," akasema Nazario. "Niachie mimi." Zaituni akamshika mikono yote miwili, akamshukuru.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Nazario akaja Gitega. Mi nilikuwepo, nimekaa mlangoni nachambua maharage. Layla alikuwa ndani anasugua tandiko la baba yake kwa mafuta. Nazario akaingia anatabasamu, kavaa koti la kanisani, akamkabidhi Zaituni bahasha.

"Shemeji, nimefanya ulivyoniagiza. Nimempatia bei nzuri kule ng'ambo."

"Nani?"

"Farasi."

"Yampaye inka!" nikamaka kwa Kirundi, maharage yakanimwagika. Zaituni alicheka. Wallahi, alicheka kidogo, kisha akapiga kelele: "Mi nilikuragiza! Nilisema nakuragiza!"

"Ndiyo, shemeji, uliniagiza." Maskini, hata wakati ule hakusikia tofauti. "Ukasema mtoto asijue. Nisamehe, sikujua kama yupo hapa."

Layla akaacha kusugua. "Mama, ulisema nisijue?"

"Nilisema, lakini..."

"Ulisema au hukusema?"

"Nilisema."

Mtoto akaweka tandiko chini, akatoka nje bila viatu.

Nazario alipoelewa alirudi mbio kumtafuta mnunuzi. Akamkuta. Yule bwana alikuwa amemfunga Ekleri kwenye mkokoteni wa mawe, na Ekleri hakujua kuvuta, alijua kuruka tu. Aliruka mtaro na mkokoteni nyuma yake, miguu ikavunjika, wakammaliza palepale. Nazario alituletea hatamu, analia. Mi simchukii. Nimejaribu, nimeshindwa.

Mwezi wa kumi ukapita. Zaituni alieleza mpaka sauti ikakauka: ragiza, agiza, herufi moja tu, mwanangu! Layla akamuuliza, "Na 'asijue' nayo Nazario alisikia vibaya?" Baada ya hapo hakumsemesha mama yake tena.

Ijumaa moja wakaja kwangu, Layla na begi lake nyuma. "Hali chakula changu, dada," Zaituni akasema. "Hataki kulala kwangu." Na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakunong'ona, mtaa mzima ulisikia: "Nakuragiza mtoto wangu! Kuragiza, na ra! Umesikia?"

"Nimesikia," nikamwambia. "Ni wako. Hata akae miaka."

Layla akapita katikati yetu, akaingia ndani, akauliza alale wapi.