Mlango wa Diski P

Jumatatu asubuhi, kabla kahawa ya ofisini haijawa tayari, Jörgen Wiklund alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya Gunnel Åström, akichomoa kebo isiyokuwa na ubaya wowote. Aliichomoa, akaipuliza, akairudisha. Kisha akabaki kule chini kidogo zaidi, maana kazi inayokwisha upesi mno haifanani na kazi.

"Unaona kitu huko?" Gunnel akauliza. Soksi zake za sufu zilichungulia kutoka kwenye ndara za ofisini.

"Natafuta."

"Wiki iliyopita ulitafuta. Na ile nyingine pia. Mwishowe nitakuwekea mto huko chini, bwana fundi, usije ukaumia magoti."

Jörgen alicheka kwa kuwa ilimbidi acheke. Alipotoka, maneno kwenye skrini yalikuwa yale yale: njia ya mtandao haikupatikana.

Kampuni yao ilichora madaraja. Ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani, mjini Härnösand. Michoro yote ilikaa kwenye seva, katika sehemu ya pamoja ambayo kila mtu aliiita Diski P. Asubuhi unawasha kompyuta, Diski P inaunganika, unaanza kazi. Isipounganika huna mchoro, na bila mchoro huna kazi. Kwa Gunnel ilikuwa haiunganiki tangu theluji ilipoyeyuka, na aliyeizuia ni Jörgen.

Mkuu wao, Rickard Hedin, alimwambia jambo lile kwenye ngazi, si ofisini. Gunnel alikuwa ameanza kukataa kutia sahihi michoro ambayo hakupewa muda wa kuikagua, tena alikataa mbele ya wateja. Kumfukuza kulikuwa na shida zake. Sheria humlinda mfanyakazi aliyekaa muda mrefu, na chama cha wafanyakazi hakilali.

"Lakini mtu akichoka mwenyewe, hiyo ni hiari yake," Rickard alisema, mkono ukiwa begani kwa Jörgen. "Wewe ndiye unayeshika mitambo. Unanielewa."

Jörgen alimwelewa. Angeweza kumwondolea Gunnel ruhusa, yakaisha, ila kompyuta ingemwambia mama wa watu ukweli: huna ruhusa. Kwa hiyo aliifunga njia yenyewe, ili mashine iseme uongo kwa niaba yake. Ilikuwa kazi safi. Alipoimaliza alikwenda kunawa mikono, ingawa haikuwa michafu.

Mwishoni mwa kiangazi, Jumatano moja, Diski P ilipotea kwenye kompyuta zote. Safari hii Jörgen hakuigiza. Alikwenda kwenye chumba cha seva akakuta taa zote ni za kijani. Akakagua saa za mashine, maana saa zikipishana seva hukataa watu; zilikwenda sawa. Akakagua majina ya watumiaji, manenosiri, waya zote. Akazima na kuwasha kila kitu chenye swichi. Seva ilisisitiza kwamba Diski P imeunganishwa vizuri. Haikusema imeunganishwa wapi.

Maj-Lis wa mapokezi akachungulia mlangoni, mkononi ana kipande cha mkate mkavu na jibini.

"Acha kuhangaika, Jörgen. Diski P iko kwenye korido, kando ya mashine ya kahawa."

Ilikuwepo kweli. Kati ya mashine ya kahawa na choo, mahali ambapo siku zote palikuwa na ukuta mtupu, palikuwa na mlango usio na ubao, uwazi tu na kizingiti. Ndani kulikuwa na chumba kirefu, chenye baridi na mvumo wa feni, na rafu zilizojaa michoro: kila daraja walilowahi kulichora, kila toleo, hata yale yaliyokataliwa. Watu walikuwa wameshaanza kuingia mikono mitupu na kutoka na karatasi kubwa zilizoviringishwa. Rickard alikuja akaangalia, akauliza kama ni lazima mwenye jengo aarifiwe kuhusu chumba kile. Hakuna aliyejua. Basi akasema anayeingia avae sweta, akarudi mkutanoni.

Gunnel alikuja na kikombe chake. Uso wake ulikuwa na nuru ambayo Jörgen hakuwa ameiona kwa miezi.

"Afadhali," alisema. "Miguu yangu haina haja ya fundi."

Akapiga hatua, akakwama. Pale mlangoni hapakuwa na kitu ila hewa, lakini hewa ile haikumpokea. Kahawa ikamwagikia kifuani. Akaweka kikombe chini, akajaribu kwa bega, halafu kwa mgongo. Mwisho akanyoosha mkono, ukaishia usawa wa kizingiti, vidole vikiwa vimebanwa bapa kama vya mtoto kwenye dirisha la basi.

Mhandisi mmoja akainama, akapita chini ya mkono wake. "Samahani, Gunnel," akasema, kama mtu anayepishana na mwenzake kanisani. Akaingia, akachukua alichotaka, akatoka. "Samahani tena."

Gunnel akageuka, akamtazama Jörgen. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama anavyotazama mchoro ambao vipimo vyake havijumlishiki. Jörgen akainama kufunga kiatu. Kiatu chenyewe hakikuwa na kamba.

Alasiri walikaa wote kwa kahawa na vitumbua vya iliki, kama desturi. Walizungumzia uyoga. Maj-Lis alijua msitu ambao uyoga wa manjano ulikuwa umejaa, lakini akakataa kusema ni wapi, wakamtania. Gunnel alikaa kati yao na sweta lenye doa. Kila mmoja pale alikuwa ameona, na kila mmoja alikuwa amepita.

Walipotawanyika, alimfuata Jörgen mezani kwake.

"Leo usiingie chini ya meza," akasema taratibu. "Niambie tu. Mbovu ni kompyuta yangu au ni mimi?"

Jibu lilikuwa mdomoni mwa Jörgen, na halikuwa refu.

"Bado natafuta," akasema.

"Haya. Utaniambia ukipata."

Kuanzia kesho yake Gunnel alihamishia kiti chake kwenye korido. Alikaa kando ya mlango, rula na penseli mapajani, akiwaomba wenzake wamtolee michoro. Mwanzoni walimtolea. Kisha Rickard akatangaza kwamba anayetoa mchoro ndiye atakayeulizwa ukiharibika, na ghafla watu wakawa na haraka. Wakapita wakitazama simu. Wengine walianza kusubiri mpaka aende msalani ndipo waingie.

Jörgen hakuweza kuipita korido ile. Alipanda kwa ngazi za dharura, akaacha kunywa kahawa. Mwishowe akaenda kwa Rickard, akafunga mlango nyuma yake.

"Nimfungulie njia?"

"Njia gani?"

"Ya Gunnel. Uliyoniambia niifunge."

Rickard akavua miwani. Alionekana kushangaa kwa dhati. "Mimi? Mimi sijui hata mambo hayo yanafanywaje, Jörgen. Kama umefunga kitu, umekifunga wewe. Ukifungue ukitaka."

Jörgen akarudi kwenye mashine yake. Kwenye skrini kulikuwa na kisanduku kimoja kidogo, cheupe, kikisubiri tiki. Angekibonyeza, na pale kwenye korido Gunnel angeinuka na kuingia kama watu wengine. Hilo ndilo lililomzuia. Maana angeingia, na hapo angejua kwamba muda wote ule ilikuwa tiki moja; kwamba mtu mzima alikuwa akipiga magoti miguuni pake asubuhi baada ya asubuhi, akitafuta kitu alichokishika mkononi. Mlango ukibaki umefungwa, bado ingewezekana kuwa ni hitilafu. Akasogeza kipanya pembeni. Nyumbani mkewe alimuuliza mbona hali chakula, akasema tumbo.

Novemba Gunnel akaandika barua ya kuacha kazi. Walimnunulia keki ya kijani yenye ua la waridi juu, Rickard akampa maua na kumkumbatia. Gunnel akawashukuru wote kwa kifupi.

"Na zaidi Jörgen," akamalizia, "aliyenihangaikia kuliko nyote."

Watu wakapiga makofi. Jörgen naye akapiga, maana mikono ilihitaji pa kwenda.

Chumba kilibaki. Ukutani waliweka kulabu za kutundika sweta, na sakafuni mkeka wa kufutia miguu. Mchoraji mpya alipofika, Maj-Lis alimzungusha: hiki choo, hii kahawa, hii Diski P. Akaingia bila hata kupunguza mwendo. Kisanduku cha Gunnel hakikuwahi kuwekwa tiki, wala jina lake halikufutwa. Kiliendelea kumzuia mtu asiyekuwepo.

Karibu na Krismasi Jörgen alimkuta Gunnel dukani, mbele ya chupa za samaki wa siki. Ujia ulikuwa mwembamba, na alikuwa ameshaonekana.

"Jörgen. Ulipata hitilafu?"

"Nilipata." Alitazama chupa. "Ilikuwa upande wetu."

"Ndiyo," Gunnel akasema. Akachagua chupa ya samaki wa haradali, akaigeuza, akasoma tarehe. "Na lile daraja la watembea kwa miguu, kule kwenye shule. Nani aliukagua mchoro?"

"Sijui. Limeshafunguliwa."

"Nimeona. Mimi huzunguka kwa barabara ya chini."

Jörgen alitaka kusema kitu. Nyuma yake mama mmoja mwenye kigari cha mtoto alikuwa akisubiri nafasi. Gunnel akavuta toroli lake, akajibana kwenye rafu ili wapite. Jörgen akapita.