Makaa ya Bi Mwanapili

Tangu lini mtu akasomea mashimo? Hilo ndilo swali aliloulizwa Khairat Nyange kwa miaka thelathini na tano, kila aliporudi kwao Mgogoni, na kila mara alilijibu kwa kucheka tu. Maana ukitaka kuwaeleza watu wa Mgogoni kwamba kuna kazi ya mshahara ya kukaa kitako pangoni ukisugua udongo kwa brashi ya rangi, uwe umekula ukashiba. Wenzake walisomea ualimu, wengine uuguzi, mmoja kawa hakimu. Yeye alisomea watu walioishi kabla hapajawa na kalamu wala chuma. Alichimba Kondoa, akachimba Singida, akaungua jua mpaka akasahau rangi yake, akapata udaktari ambao hautibu hata mafua, na nyumbani bado wakamwita yule mtoto wa Mwanapili anayefukuafukua.

Na wala hakuwa mtoto wa Mwanapili wa kumzaa. Mama yake alifariki yeye ana miaka sita, na Bi Mwanapili, mdogo wa marehemu, akamchukua akamlea, asitake hata siku moja kusikia neno yatima likitajwa mlangoni kwake. Khairat alipofika kidato cha pili, ami zake walikuja na habari za posa. Bi Mwanapili akakaa kizingitini na mchi mapajani, akawaambia kuwa anayetaka harusi aolewe yeye. Posa ikafa palepale. Ndiyo maana Khairat hakuwahi kumwita jina jingine ila Mama.

Mama huyu alikuwa na desturi moja isiyovunjwa. Khairat akifunga safari, iwe ya Wete au ya Ulaya, nguo zake hutandazwa juu ya tenga, chini yake huwekwa chetezo chenye makaa, na udi ukafukizwa mpaka nguo zinywe harufu. Kwa Bi Mwanapili, kufukizwa ndiko kuagwa. Mtu aliyeondoka bila kufukizwa, huyo katoroka. Kule Kondoa, Khairat akifungua begi hemani, wachimbaji wote walijua, na mpishi alikuwa akimtania kwamba hata mawe ya kale yanatoka shimoni yakinukia kama bibi harusi.

Sasa, jambo lililomkaa rohoni Khairat miaka yote hiyo lilikuwa Pemba yenyewe. Unguja, zamani za kale bahari ilipokuwa chini, mtu aliweza kutoka bara kwa miguu. Pemba haikuwa hivyo. Mkondo kati yake na bara ni wa kina kirefu, bahari hata ishuke vipi maji yanabaki palepale. Kwa hiyo, kama kuna mtu aliyefika Pemba katika zama za mawe, alivuka kwa chombo, na chombo hicho alikiunda bila shoka wala msumari. Khairat aliyasema haya miaka ishirini nyuma, mbele ya mkutano wa wataalamu, na profesa mmoja wa bara akamuuliza kama ushahidi anao au ni mapenzi tu ya kwao. Watu wakacheka. Kicheko kile alikibeba miaka ishirini.

Na mwaka huu, umebaki mwaka mmoja astaafu, ushahidi ukatoka. Ulitoka katika pango la Mgogoni, mwendo wa dakika kumi na tano kutoka jikoni kwa Bi Mwanapili. Kwanza vilitoka vijiwe vyeupe vyenye makali, vya mwamba usiopatikana Pemba nzima. Kisha, mita moja na nusu chini, Himid, msimamizi wa wachimbaji, mtu wa Gando asiye na papara, akasimamisha mwiko wake wa kuchimbia na kusema taratibu, "Bi Khairat, hapa pamepikwa." Kilikuwa kimeko kidogo, kimefunikwa na utando wa mchanga safi, na chini ya mchanga makaa, mengine makubwa kama ncha ya kidole gumba. Jiwe halisemi lina umri gani. Makaa husema, ukiyapeleka maabara. Miaka thelathini na tano ya Khairat ilikuwa imelala ndani ya makaa yale, na kimeko kizima kiliingia ndani ya shimo lao; waliyatoa yote.

Kibali kilikwisha Jumatano, shimo likafukiwa kama sheria inavyotaka. Jumamosi Khairat alikuwa azungumze Gombani, ukumbini, mbele ya wageni wa Unguja na bara. Jumatatu makaa yasafiri kwenda maabara. Lakini mvua ilikuwa haikatiki, na makaa yalikuwa na unyevu. Ukiyafunga hivyo yanaota ukungu. Basi Khairat, aliyewahi kumfukuza mwanafunzi shimoni kwa sababu ya kula embe juu ya sampuli, akafanya kitu ambacho mwanafunzi yeyote angechapwa viboko kwa ajili yake. Aliyafungua makaa kutoka kwenye foili, akayatandaza juu ya ungo, na ungo akauweka mahali pakavu kuliko pote katika nyumba ile. Akauweka jikoni.

Ijumaa asubuhi alikwenda Wete kuchapisha picha zake. Aliporudi baada ya sala, harufu ya udi ilimpokea tangu uani. Bi Mwanapili alikuwa amekaa kwenye kibao, uso umemng'aa, na nguo tatu zimetundikwa kambani, zimekunjuka kama za Idi.

"Umefika, mwanangu? Nguo zako za Gombani tayari," alisema. "Na makaa ulonitilia kwenye ungo, mie tangu nizaliwe sijapata kuyaona. Hayarushi cheche, hayana moshi, yashika moto taratibu. Nikasema huyu mtoto sasa kakua, ajua kuchagua makaa ya chetezo. Umeyatoa wapi?"

Khairat akautazama ungo. Ulikuwa umepanguswa, umeegeshwa ukutani. Vipande vya foili vilikunjwa vizuri vikawekwa chini ya bakuli, kwa kuwa Bi Mwanapili hatupi kitu. Ndani ya chetezo mlikuwa na majivu, mepesi, meupe.

"Yamebaki mangapi, Mama?"

"Hata moja. Nguo tatu zile."

Alitaka kupiga ukelele. Wallahi alitaka. Hakupiga, kwa sababu mbele yake alikaa mwanamke wa miaka sabini na minane, magoti yanamuuma, aliyeinama juu ya tenga asubuhi nzima ili mtoto wake asisimame mbele za watu akiwa hanukii. Khairat akasema, "Ahsante, Mama." Akaingia chooni, akafungulia bomba, akalia mpaka ndoo ikafurika.

Himid alikuja alasiri kuchukua sampuli. Alipoambiwa, alikaa barazani, akichezea funguo za gari.

"Makaa ya tabaka la juu yapo, mifuko mizima," alisema. "Ukiandika yametoka chini, nani atajua?"

"Mimi."

"Najua. Nimesema kwa uchungu tu." Akainua macho. "Na Bi Mwanapili utamwambia?"

"Mwenye kosa si yeye. Aliyeweka makaa jikoni ni nani? Nikiulizwa, nitasema nimeyaharibu mimi. Na wewe, Himid, nakuomba, jina lake usilitaje." Himid akaitikia kwa kichwa, ingawa alionekana hakupendezwa.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Bi Mwanapili alikaa safu ya mbele, katika kanga mpya, kwa sababu Himid alikuwa amemtengea kiti. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza kumsikia Khairat akizungumza kazi yake, maana miaka yote alizungumza Kiingereza, tena mbali. Leo alizungumza Kiswahili. Alionyesha vijiwe, akaonyesha picha ya kimeko iliyopigwa kutoka juu, weusi wa makaa ukichungulia chini ya weupe wa mchanga. Akaeleza bahari, akaeleza mkondo, akaeleza chombo.

Yule profesa wa bara, sasa mvi tupu, akanyanyua mkono. Aliuliza kwa upole, na upole wenyewe ndio uliouma. "Dokta, tarehe za makaa hayo?"

"Sina, wala sitazipata," alisema Khairat. "Niliyaanika jikoni yakaungua. Uzembe ni wangu, hakuna mwingine."

Minong'ono ikaenea ukumbini. Mtu wa nyuma akacheka, kisha wa pili. Profesa akatikisa kichwa, akasema hata hivyo, kimeko kimoja hakithibitishi makazi, pengine ni wavuvi waliopotea, wakalala siku moja wakaenda zao. Khairat akaanza kukusanya karatasi zake.

Ndipo Bi Mwanapili aliposimama. Alichukua muda, kwa sababu ya magoti, na Khairat alipomwona anainuka, akaziacha karatasi.

"Nimeyachoma mie," alisema Bi Mwanapili, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita watu kutoka shambani. "Nimefukizia nguo alizovaa hizo. Mie ndo kwanza najua leo, hapa nilipokaa." Akamgeukia Khairat. "Na weye tangu jana unakula chakula changu, unanambia ahsante Mama. Unanificha mie? Nimekulea kwa kufichana?"

Khairat akahisi machozi yanamtoka mbele ya watu mia mbili, wala hakuyafuta. "Nilikuonea huruma, Mama."

"Mie sitaki huruma, nataka kuambiwa." Akaigeukia picha ukutani, akaitazama kama atazamavyo samaki sokoni. "Ile nyeupe juu ya makaa, nini?"

"Mchanga. Maji ya mvua yaliuingiza pangoni."

"Maji hayo yana adabu kweli. Yakaumwaga juu ya makaa tu, kando kote yakaacha."

Watu wakacheka tena, lakini kicheko hiki kilikuwa chake. Khairat hakucheka. Aligeuka akaitazama picha aliyoipiga mwenyewe, aliyokwisha kuitazama mara mia, na mara hii akaona. Mchanga ulikaa juu ya kimeko peke yake, duara kamili, na kando yake hapakuwa na hata chembe.

"Ule umemwagwa kwa mkono," aliendelea Bi Mwanapili. "Mie nafanya vivyo kila siku ya Mungu. Nikisha kupika, nayafukia nipate ya kuanzia kesho. Na yale yalikuwa hayajesha kuungua, nayajua, nimeyamaliza mie. Sasa baba yangu wee," akamwambia profesa, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka minane tu, "mtu alopotea, alala siku moja aende zake, afukia makaa ya kesho ya nini?"

Profesa, na hili Khairat hatalisahau, akachukua kalamu akaandika.

"Na wakati wa upepo wa kusi walipikia wapi?" Bi Mwanapili alikuwa bado hajakaa.

"Vipi, Mama?"

"Pango lile mie nimejikinga mvua tangu mtoto, nikenda kuni. Mlango wake waelekea kusini. Likipiga kusi, pale ulipochimba hapapikiki, moshi wote warudi machoni. Lazima walihamia pembe ya kulia, nyuma ya lile jiwe. Ulichimba pembe ile?"

"Sikuchimba."

"Haya," alisema Bi Mwanapili, akakaa.

Ofisa wa mambo ya kale alikuwemo ukumbini. Kabla watu hawajatoka kunywa chai alikuwa amekwisha kuwapa kibali cha siku saba, shimo moja, la mita moja kwa mita moja. Tiketi ya Jumatatu ikafutwa. Njiani kurudi Mgogoni Khairat alikaa kiti cha nyuma na Mama yake, wakagombana vizuri, kwa haki, mpaka Himid akalazimika kuongeza sauti ya redio. Walipofika nyumbani walikuwa wameshikana mikono.

Siku ya kwanza walipata udongo. Ya pili na ya tatu, vigae vya juzijuzi na mifupa ya popo. Ya nne, kijiwe kimoja cheupe. Bi Mwanapili alikuwa akiletwa kila asubuhi, akiwekewa kiti cha plastiki mdomoni mwa pango, akachambua mchele wake huku anawaelekeza wenye shahada namna ya kushika ndoo. Khairat alikuwa hali chakula vizuri. Alimkumbuka mtu aliyefukia makaa yake akikusudia kurudi, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake alijikuta hafikirii umri wa mtu huyo, anamfikiria yeye mwenyewe, mikono yake, usingizi wake, alimpikia nani. Aliona haya kwamba imemchukua miaka thelathini na tano.

Siku ya sita, saa nne asubuhi, wamekwisha kupita mita moja na nusu na Khairat amekwisha kuanza kujipa moyo kwa maneno asiyoyaamini, Himid akasimamisha mwiko. Akapangusa kwa brashi, mara moja, mara mbili. Pakaonekana mchanga mweupe, umekaa duara. Akaunyanyua kidogo pembeni, akachungulia chini yake. Alipoinua kichwa hakumwangalia Khairat. Aliangalia mdomoni mwa pango.

"Bi Mwanapili," aliita, "jiko lako la kusi hili hapa."

Khairat hakushuka shimoni. Alikwenda kwenye kiti cha plastiki, akapiga magoti kwenye mawe, mtu wa miaka hamsini na tisa mbele ya wanafunzi wake, akaweka kichwa mapajani pa Mama yake, juu ya mchele, akalia kama siku ile aliyochukuliwa akiwa na miaka sita. Bi Mwanapili akamfuta udongo usoni kwa ncha ya kanga.

"Basi, mwanangu, basi. Nenda kayatoe," alisema. "Na usiyalete jikoni kwangu. Mie sijiamini."